Waya wa Amri: Jinsi Chombo Kimoja cha Redio Kinavyoongoza Vingine

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo ambalo wengi wa wasomaji wetu wa pwani hawajalisikia likielezwa kwa Kiswahili. Nalo ni jinsi chombo kimoja cha redio, kilicho mezani mbele ya mtumaji, kinavyoweza kuamuru vyombo vingine vilivyo mbali nacho, vingine chini ya meza na vingine juu ya paa, viamke, vigeuke na kunyamaza kila kimoja kwa wakati wake. Habari hizi zawahusu hasa wapenda redio wa ridhaa, yaani watu wanaotuma na kupokea habari si kwa mshahara wala kwa biashara, bali kwa kuipenda elimu ile na kuwa tayari kusaidia siku ya shida. Hata hivyo mwanafunzi ye yote asomaye habari za umeme atapata faida, kwani kanuni zake ni zile zile alizokwisha kuzisoma shuleni.

Wazee wetu waliiita kazi hii simu ya upepo, na jina hilo lilifaa. Kila mtumaji hupewa jina la herufi na tarakimu ili ajulikane hewani. Zamani za Waingereza majina ya Tanganyika yalianza kwa VQ3, na ya Unguja kwa VQ1. Baada ya uhuru yakaja majina yaanzayo kwa 5H, na mpaka leo 5H3 ni ya bara na 5H1 ni ya visiwani. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na asiye na leseni hana ruhusa ya kutuma, hata kama chombo ni chake na nyumba ni yake. Hilo twalisema mara moja, nasi hatutalirudia.

Sasa tutazame chombo chenyewe. Transiva ni sanduku moja lenye kazi mbili, kupokea na kutuma. Zile za kawaida hutuma kwa nguvu ya wati 100, na zikituma hula karibu ampea 20 za umeme wa volti 13.8, nguvu ambayo betri nzuri ya gari yaweza kuitoa kwa muda. Masafa yake, yaani hesabu ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja, huanza karibu na megahezi 1.8 na kuishia megahezi 30, na nyingine hufika 54. Basi mwenye transiva hiyo hupatwa na tamaa mbili. Ya kwanza ni kusikika zaidi, ya pili ni kufika katika masafa ambayo chombo chake hakiyajui. Kwa tamaa ya kwanza hununua amplifaya, na kwa ya pili hununua transvata.

Juu ya amplifaya tuna neno moja la kusema kabla hatujaendelea. Mtu akitoka wati 100 akafika wati 1,000, mwenzake aliye mbali hamsikii kwa ukubwa mara kumi. Katika mizani ya desibeli huwa ameongeza 10, na kipimo cha kupokelea hupanda hatua moja na nusu hivi. Tena amplifaya ya wati 1,000 huweza kula wati 2,000 za umeme, yaani karibu ampea 9 za umeme wa nyumbani wa volti 230. Kwa kijiji kinachotegemea paneli ya jua hilo ni jambo lisilowezekana. Kwa maoni yetu, antena nzuri iliyo juu yafaa kuja kwanza, amplifaya baadaye.

Transvata ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna mtambo mdogo unaotetema daima kwa masafa yasiyobadilika, na kazi yake ni kujumlisha na kutoa. Mtumaji akitengeneza wimbi la megahezi 28.200 katika transiva, na mtambo ule ukitetema kwa megahezi 116, transvata hujumlisha na kutoa 144.200. Wimbi likija kutoka nje kwa 144.200, hutoa 116 na kuipa transiva 28.200, nayo huipokea kama kitu ilichokizoea. Hivyo transiva hudhani ingali katika megahezi 28, lakini antena yatuma katika 144. Mwanafunzi na akumbuke hapo, kwamba transiva haijui, kwani tutaona baadaye jinsi ujinga huo unavyoleta hasara.

Kwa nini mtu wa Tanga ahangaike na megahezi 144? Mawimbi hayo hupenda kwenda sawasawa kama mwanga, na nchi yetu ina vitu viwili viwafaavyo wenye mawimbi ya namna hiyo, nayo ni milima iliyo karibu na bahari, na bahari iliyo wazi. Mtu akisimama katika ukingo wa milima ya Usambara palipo na kimo cha mita 1,400, na mbele yake hapana kilima cha kumziba, upeo wa redio yake huwa karibu kilomita 150. Kutoka Lushoto hadi mji wa Tanga, kwa mstari wa ndege, hapafiki kilomita 100. Kwa hiyo wati chache zatosha kuzungumza na mwambao. Na mwenye antena juu ya ghorofa mjini Tanga ana Pemba mbele yake, ng'ambo ya maji, bila mti wala mlima katikati.

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Mtu aweza kudhani kwamba kuunganisha amplifaya au transvata ni kazi ya kuchomeka nyaya tu, na kila kitu kitajua la kufanya. Sivyo. Vyombo hivi vyote hupokea na kutuma kwa antena moja, kwa hiyo kila mara mtumaji anapobonyeza kitufe cha maikrofoni lazima njia igeuzwe, na anapokiachia lazima irudishwe. Kitu kigeuzacho njia ni rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Nayo si mwanga, ni chuma chenye kusafiri kutoka upande mmoja hadi wa pili. Rilei ndogo huchukua kama sehemu 5 za elfu za sekunde, na kubwa za antena huchukua 15 hadi 25. Kwetu sisi huo si muda wa kuuhesabu, bali kwa wimbi la redio ni mwaka mzima.

Wasomaji wetu wa Tanga wataelewa upesi tukiwakumbusha reli yao, iliyoanza kujengwa mwaka 1893. Njia ni moja, treni za kwenda na kurudi hupita juu yake, na stesheni pana mahali reli zinapogawanyika. Stesheni masta hamruhusu dereva kwanza halafu ndipo ageuze reli. Hugeuza kwanza, huhakikisha chuma zimekaa mahali pake, ndipo hutoa ruhusa. Akifanya kinyume, injini itafika wakati chuma ziko nusu ya safari, wala hapana haja ya kueleza yatakayotokea.

Katika redio injini hiyo ni wimbi lenye nguvu. Likifika wakati rilei haijakaa, mabaya matatu yaweza kutokea. La kwanza, cheche huruka katika mdomo wa rilei na kuuchoma, na siku moja midomo hiyo hushikana isiachane. La pili, kwa nukta ile amplifaya haina antena upande wa pili, nguvu hurudi ilikotoka na kuua transista zake. La tatu ndilo liumizalo zaidi wenye transvata. Karibu na antena huwekwa kikuzaji kidogo cha kupokelea, kilichotengenezwa kusikia mawimbi yenye nguvu ndogo kuliko wati moja iliyogawanywa mara milioni, na tena mara milioni. Sikio la namna hiyo haliwezi kuvumilia kelele. Hata sehemu ya kumi ya wati moja huweza kuliua, na transvata iliyo karibu nalo hutoa wati 10 au 50.

Basi utaratibu ni huu. Mtumaji akibonyeza kitufe, kwanza kikuzaji cha kupokelea huzimwa na rilei ya antena hugeuka. Kisha transvata huingia upande wa kutuma. Halafu amplifaya hupewa umeme wa kuamsha transista zake. Mwisho wa yote wimbi huruhusiwa kupita. Akiachia kitufe mambo hurudi kinyume: wimbi hukatwa kwanza, amplifaya hulala, transvata hurudi kupokea, rilei hugeuka, na sikio huwashwa likiwa la mwisho. Kisanduku kinachosimamia mambo hayo twaweza kukiita mpanga zamu. Mafundi wengi huweka nafasi ya sehemu 25 hadi 50 za elfu za sekunde kati ya hatua na hatua, hata hatua nne zaweza kumaliza sehemu ya kumi au ya tano ya sekunde. Mtumaji huhitaji kuvuta pumzi kidogo kabla ya kusema, la sivyo silabi yake ya kwanza haitafika.

Yuko wapi mkubwa wa zamu hizo? Hapa mafundi hugawanyika, nasi twaona hoja za pande zote mbili. Wengine huchukua waya wa kitufe au wa kanyagio la mguu na kuupeleka kwa mpanga zamu kwanza, naye akimaliza kuandaa vyote ndipo huiambia transiva itume. Njia hii ni salama mradi mtumaji hana njia nyingine ya kuiamsha transiva. Lakini transiva nyingi zaweza kujiamsha zenyewe, kwa kusikia sauti katika maikrofoni au kwa kuguswa ufunguo wa Morse. Hapo transiva humruka stesheni masta na kuipeleka injini njiani. Kwa hiyo wengine huiacha transiva ianze yenyewe kutoa amri, kisha huicheleweshea wimbi lake. Baadhi ya transiva zina mahali pa kuandika muda huo, tuseme sehemu 10, 20 au 30 za elfu za sekunde, na nyingine zina tundu la kuzuilia ambalo, likishikwa, chombo hakitoi wimbi hata kikiamriwa. Penye tundu hilo twashauri litumiwe. Mlango uliofungwa ni bora kuliko ahadi ya kuchelewa.

Sasa tuuchunguze waya wa amri wenyewe. Nyuma ya transiva pana tundu dogo ambalo, wakati wa kutuma, huunganishwa na ardhi ya chombo. Ni hilo tu. Halitoi umeme, hufunga njia ili umeme utokao upande wa amplifaya upate pa kwenda, na rilei ya amplifaya ivutwe. Jambo hili laonekana rahisi, lakini ndilo lililoua transiva nyingi. Katika transiva za siku hizi ufungaji huo hufanywa mara nyingi na transista ndogo, isiyoweza kustahimili volti nyingi. Amplifaya mpya huwa na volti 12 au chini yake katika waya ule, na hapo hapana hatari. Lakini amplifaya za zamani za valvu zilitengenezwa kwa transiva zilizokuwa na rilei ngumu, na katika baadhi yake, kama Heathkit SB-220, waya wa amri una zaidi ya volti 100. Anayeunganisha moja kwa moja amplifaya ya namna hiyo na transiva mpya ataiharibu transiva kwa kubonyeza mara moja. Dawa yake ni kuweka katikati rilei ndogo au transista imara, ili volti zile zisifike upande wa pili.

Tena kila rilei ina koili, na koili ikikatiwa umeme hurusha volti nyingi kinyume kwa kitambo kidogo. Mwanafunzi aliyejifunza sumaku na umeme atakumbuka sababu yake. Diodi moja, iliyofungwa kinyume juu ya koili, huumeza mruko huo. Bei yake ni ndogo kuliko ya andazi, wala hapana udhuru wa kuiacha.

Baada ya amri ya kutuma kuna amri ya pili, nayo ni habari ya masafa. Amplifaya ya transista ina vichujio kadhaa ndani yake, kila kimoja kwa masafa yake, na lazima ijue mtumaji yuko wapi ili ichague. Akituma katika megahezi 14 huku kichujio ni cha 7, nguvu hugonga ukuta na kurudi. Akituma katika 7 huku kichujio ni cha 28, nguvu hupita, lakini mawimbi ya pembeni ya 14 na 21 hupita nayo na kuwasumbua watu wengine hewani. Mtu aweza kugeuza kichujio kwa mkono, ndivyo ilivyokuwa siku zote. Bali mkono husahau, hasa saa nane ya usiku.

Kampuni kubwa zimeshika njia mbalimbali za kutoa habari hiyo. Transiva nyingi kubwa za Yaesu hutumia nyaya nne, tuziite A, B, C na D, zenye thamani za 1, 2, 4 na 8. Waya wenye umeme huhesabiwa, usio na umeme hauhesabiwi, kisha thamani hujumlishwa. Jumla ya 1 ni mita 160, 2 ni mita 80, 3 ni mita 40, 4 ni mita 30, 5 ni mita 20, na kuendelea hivyo mpaka 9 ambayo ni mita 10, na 10 ambayo ni mita 6. Kwa hiyo katika mita 20 nyaya A na C huwa na umeme, kwani 1 na 4 ni 5. Mwalimu akitaka kuwafundisha watoto hesabu za mbili-mbili, hatapata mfano mzuri kuliko huu. Icom hutumia waya mmoja ambao volti zake hubadilika kwa kila kundi la masafa, na amplifaya huzipima. Icom hiyo hiyo ina waya wa pili, uitwao CI-V, ambao hubeba maneno ya tarakimu; kila chombo kilichounganishwa nao kina anwani yake, kama nyumba katika mtaa, hata vyombo kadhaa vyaweza kusikiliza waya ule ule na kila kimoja kujibu barua yake tu. Kenwood nayo huandika kwa herufi zinazosomeka na mtu: FA00014200000 na nukta-mkato mwisho, maana yake weka masafa ya kwanza katika megahezi 14.200. Kompyuta au kisanduku kidogo chaweza kusoma maneno hayo na kuigeuza amplifaya, na hata antena, kabla mtumaji hajagusa kitufe.

Na sasa ule ujinga wa transiva tuliousema. Mwenye amplifaya ya masafa ya chini na transvata ya 144, vyote vikiwa vimeunganishwa na transiva moja, ana hatari asiyoiona. Anapotumia transvata, transiva iko katika megahezi 28.200, nayo kwa uaminifu wake hutangaza: mita 10. Amplifaya husikia, huchagua kichujio cha mita 10, na kitufe kikibonyezwa huamka kama ilivyofundishwa. Transiva haikusema uongo, ila haijui kwamba baada yake yuko mwingine ajumlishaye 116. Ikiwa nyaya zimepita vibaya, kisanduku kidogo kilichotazamia sehemu ya elfu ya wati hukutana na mamia ya wati, na kazi yake humalizika kabla mtumaji hajamaliza kutaja jina lake. Kwa sababu hiyo habari ya masafa peke yake haitoshi kuiamuru nyumba yenye transvata. Lazima iwepo swichi, au kisanduku, kinachotamka wazi kwamba sasa ni zamu ya transvata, na kuukata waya wa amri uendao kwa amplifaya kubwa. Transiva zenye tundu maalumu la transvata hufaa zaidi hapa, kwani tundu hilo likitumika wimbi la wati 100 halitolewi kabisa; hutoka sehemu ya elfu ya wati hivi, na njia mbili hazichanganyiki.

Asiye na tundu hilo hushusha nguvu ya transiva mpaka mwisho, kisha huweka kipunguza nguvu katikati. Twasisitiza kipunguza nguvu, wala si kugeuza kirungu tu. Transiva nyingi, hata zikiwekwa wati 5, hutoa mruko wa nguvu kubwa katika nukta ya kwanza, kabla mzunguko wake wa kujizuia haujashika hatamu. Hali kadhalika kuna waya mwingine utokao kwa amplifaya kurudi kwa transiva, wa kuiambia ipunguze. Waya huo ni mzuri kama tahadhari ya mwisho, lakini hauwezi kuuzuia mruko wa kwanza, kwa sababu lazima mruko uwepo ndipo waya upate habari. Wenyeji wa mashamba ya mkonge waijua korona, mashine ichanayo majani ya mkonge. Anayeilisha korona hupima mzigo mkononi mwake. Hangoji mashine ilie kwanza ndipo apunguze. Amplifaya hulishwa vivyo hivyo.

Mfano mkubwa wa mambo haya yote uko juu ya vichwa vyetu, na kwa watu wa Tanga neno hilo si fumbo. Tarehe 15 Novemba 2018 setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2 ilirushwa kutoka Florida, Marekani, nayo ilibeba chombo cha wapenda redio kilichopewa jina la Qatar-OSCAR 100. Kilifunguliwa kwa watumaji Februari 2019. Setilaiti hiyo hukaa mahali pamoja juu ya ikweta, karibu na nyuzi 26 mashariki, na husikika kutoka Brazili mpaka Thailand. Kwa mtu wa London iko chini angani, lakini kutoka Tanga iko nyuzi 73 juu ya upeo, upande wa magharibi kuelekea kaskazini kidogo. Hapana mnazi wala nyumba ya kuizuia.

Hupokea katika megahezi 2,400 na kujibu katika 10,489.5 na kuendelea. Transiva nyingi za kawaida haziyajui masafa hayo, kwa hiyo watumaji wengi hutumia transvata. Fuata hesabu. Transiva hutoa 432.150. Transvata hujumlisha 1,968, ikawa 2,400.150. Setilaiti huongeza 8,089.5 na kurudisha 10,489.650. Kichwa cha dishi, kile mafundi wakiitacho LNB, hutoa 9,750, na chombo cha kupokelea husikia katika 739.650. Njia ya kwenda ni mbali na ya kurudi, hata mtumaji hujisikia mwenyewe akizungumza, na rilei ya antena haihitajiki tena. Hii ni nafuu kubwa, maana sikio halikai katika njia ya kelele.

Lakini amri bado yahitajika. Katika megahezi 2,400 nguvu nyingi hupotea ndani ya waya mrefu, kwa sababu hiyo transvata na amplifaya yake huwekwa pale pale penye dishi, na waya wa amri hupanda kutoka mezani. Tuseme waya una urefu wa mita 20 na unene wa milimita za mraba 0.75. Umeme huenda mita 20 na kurudi mita 20, na ukinzani wake huwa karibu omu 0.93. Amplifaya ikivuta ampea 2 kwa waya huo, karibu volti 2 hupotea njiani, na betri ya volti 12.5 hufika juu ikiwa 10.6. Rilei hulegea na transvata hutetemeka. Bora waya mnene uchukue umeme, na waya mwembamba uchukue amri tu.

Kuhusu nguvu, wati chache na dishi la sentimita 80 hivi zatosha. Setilaiti hugawanya nguvu zake kwa wote wanaoitumia, na atumaye kwa kishindo huwapunguzia wenziwe. Kwa hiyo iko ishara ya kipimo hewani, na anayeizidi hupigiwa king'ora juu ya sauti yake, mfumo unaoitwa LEILA. Hapo kirungu cha nguvu cha transiva hupata heshima yake, kwani ndicho kinachoiongoza amplifaya iliyo juu ya paa. Dawa ni kukigeuza chini mpaka king'ora kinyamaze.

Jua letu nalo lina maneno yake. Jiwe linalotetema ndani ya LNB ya bei ndogo hubadilika kwa joto, na badiliko la sehemu moja katika milioni, katika megahezi 9,750, ni karibu kilohezi 10. Sauti ya mwenzako hutoweka kabisa mahali ulipoiacha asubuhi. Wajuzi huliondoa jiwe lile na kuuleta mtetemo kutoka kwa saa iliyorekebishwa na setilaiti za GPS. Na kwa kuwa dishi la Tanga hutazama karibu juu kabisa, dishi la mviringo lenye kichwa katikati huwa kama bakuli, na mvua za masika hulijaza maji. Tundu moja dogo chini yake lamaliza taabu hiyo.

Adui wa mwisho ni chumvi. Upepo wa bahari huingia katika kila plagi, na shaba hugeuka kijani. Waya wa amri ulio na kutu katika plagi yake haukatiki; huwa na ukinzani, na rilei huvutwa leo, kesho ikachelewa, keshokutwa isivutwe. Hiyo ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote, kwa sababu mpanga zamu huhesabu muda wake na kuendelea, akidhani rilei imekwisha kukaa. Mitambo bora haihesabu muda tu. Rilei ya antena huwa na mguso wa pili unaorudisha jibu, na bila jibu hilo wimbi haliruhusiwi. Kwa sisi wa pwani twaona mguso huo wa jibu si anasa.

Aliyemaliza kuunganisha asianze kwa antena. Na afungue transiva bila kutoa wimbi, abonyeze kitufe, asikilize kila rilei ikilia kwa zamu yake, na apime kwa mita kwamba volti zimefika mwisho wa waya. Kisha na aunganishe mzigo wa omu 50 badala ya antena, aanze na nguvu ndogo kabisa, atazame kipimo cha nguvu inayorudi, na kuongeza kidogo kidogo. Mwenye amplifaya ya valvu akumbuke kwamba ndani yake mna volti 2,000 au 3,000 zikaazo katika kapasita hata baada ya plagi kuchomolewa. Asifungue mfuniko mpaka amehakikisha kwa mita kwamba zimekwisha. Vipimo hivyo na aviandike katika daftari, na avirudie kila masika yanapokwisha, akilinganisha tarakimu za mwaka huu na za mwaka uliopita. Volti za waya wa amri zikiwa zimeshuka, aanze kuzitafuta katika plagi iliyo karibu zaidi na bahari.